Waya Aliouchomoa Swaumu

Kila Jumamosi asubuhi Swaumu Idrisa alianza siku kwa kufagia maranda. Karakana ya baba yake ilikuwa mbele ya nyumba yao pale Cheyo, mjini Tabora, chini ya paa la bati lililoegemezwa ukutani. Mzee Idrisa alikuwa seremala wa vitanda na milango, na maranda ya mninga yalirundikana miguuni pake kama majani ya mti uliopukutika. Swaumu aliyazoa akayatia kwenye kiroba, akayapeleka jikoni kuwashia moto, akabandika chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Leo ni ile siku ya kompyuta zenu?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Urudi kabla ya saa kumi."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya kila Jumamosi. Mzee Idrisa hakuwa mtu wa maneno mengi na watu waliokuwepo. Maneno yake mengi aliyatoa kwa watu wasiokuwepo. Akipiga randa utamsikia akigombana na diwani kwa sababu ya mtaro, na watu wa umeme kwa sababu ya nguzo iliyolala, na mkubwa mmoja wa zahanati ambaye jina lake alikataa hata kulitaja. Mkewe, Shamila, alifariki kwa homa Swaumu akiwa darasa la tatu. Siku ile gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwepo, na mkubwa wa kuidhinisha mafuta alikuwa semina. Tangu hapo Mzee Idrisa aliwahesabu wakubwa wote kuwa ukoo mmoja.

Lakini Jumamosi saa kumi alasiri hakugombana na mtu. Saa hiyo redio ndogo ya jamii, iliyokuwa karibu na stesheni ya reli, ilirudia vipindi vya zamani vya marehemu mkewe. Mama Swaumu alikuwa mtangazaji. Kipindi chake kiliitwa Jikoni kwa Jirani. Alibeba kinasa sauti begani, akaifuata njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikielekea Ujiji, kijiji hadi kijiji, Urambo, Kaliua, Usinge, akiingia jikoni kwa akina mama kuuliza wanapika nini, mtoto akiharisha wanampa nini, na bibi zao waliwauzia wapagazi chakula gani zamani zile. Redio ikianza tu, Mzee Idrisa aliweka randa chini, akakaa juu ya mbao, akaitazama barabara. Sauti ikicheka, naye alitabasamu. Kikiisha alishika randa tena, na diwani alianza kupata habari yake.

Kuna wakati Mzee Idrisa alikwenda redioni kuomba anakiliwe vile vipindi akae navyo nyumbani. Meneja alimwambia vipindi ni mali ya redio, havitoki nje, ila aje kesho azungumze na mhusika. Kesho yake akaambiwa kesho. Akazungushwa mpaka akachoka, akaacha. Kwa hiyo sauti ya Shamila ilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta kuu ya redio ile.

Aliyeitunza kompyuta hiyo alikuwa Dada Bernadeta. Kazi yake iliitwa usimamizi wa mifumo ya kompyuta, ingawa pale redioni kila mtu alimwita "dada wa aiti". Alizaliwa kwenye familia ya wakulima wa tumbaku huko Kaliua, akasomea ufundi huo chuoni, kisha akaanza kazi kwa kubeba nyaya za wenzake. Kazi hiyo ni kama ya kutunza kisima cha mtaa. Maji yakitoka, hakuna anayekumbuka kuna mtunzaji. Yakikatika, kila mwenye ndoo anamtafuta yeye. Bernadeta alihakikisha kompyuta za studio zinaongea na ile kompyuta kuu, waliyoiita seva. Alibadilisha maneno ya siri yasijulikane na wapita njia, akafuta vumbi kwenye feni za kupozea mashine, na kila Jumamosi alinakili kila kilichokuwa kwenye seva kwenda kwenye diski ndogo ya pembeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa nakala ya akiba. Seva ikifa, diski ipo.

Hakuna aliyemtuma kufundisha watoto. Aliona mwenyewe kwamba shule za pale zina watoto wanaojifunza kompyuta kwa kutazama picha yake ubaoni, akawaomba walimu wamletee wachache Jumamosi asubuhi. Meneja alikubali kwa sharti kwamba wasiguse viti vyake.

Swaumu ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Aliweza kufuata waya mmoja kutoka studio hadi kwenye seva bila kupotea katikati ya nyaya zote zile. Mwenzake Eliya, mtoto wa mwinjilisti wa Moravian, alimpa jina la Injinia Maranda, maana hakukosa kipande cha maranda kwenye mtandio wake.

"Injinia Maranda, hili friji lako lina soda leo?" Eliya aliuliza kila walipoingia chumba cha seva, kwa sababu mashine ile ilinguruma kama friji.

"Lina akili. Unataka nikuchotee kidogo?"

Bernadeta aliwaacha wacheke, kisha akarudia lile alilowaambia tangu siku ya kwanza. Katika kazi hii mtu hasemi "nadhani". Umenakili, fungua faili mojawapo, lisikilize, ndipo useme umenakili. Na usiguse kitu ambacho hukuambiwa ukiguse.

Jumamosi moja ya masika, mawingu meusi yalikuja kutoka upande wa Urambo. Wanafunzi wengine waliondoka mapema kuikimbia mvua. Swaumu alibaki, kwa kuwa zamu ya kuangalia nakala ilikuwa yake. Bernadeta aliunganisha diski kwenye seva, akaanzisha kunakili, na mstari wa kijani ukaanza kusogea polepole kwenye kioo. Kabla haujafika nusu, simu yake ililia. Meneja, Bwana Vedasto, alikuwa anamtaka ofisini, kompyuta yake haitoi sauti. Ilikuwa kawaida yake kuifunga sauti mwenyewe kisha akamwita fundi aje kuifungua.

"Usiguse kitu," Bernadeta alimwambia Swaumu. "Ukifika mwisho, njoo uniite."

Alipotoka tu, ngurumo ya kwanza ikapiga. Madirisha yalitikisika. Ya pili ilipiga karibu zaidi, na taa zikapepesa.

Mtoto yeyote wa Tabora anajua kinachofanyika nyumbani radi ikianza. Watu hawabaki na nguo nyekundu. Kioo kinafunikwa kwa khanga. Redio, televisheni, chaji ya simu, vyote vinachomolewa haraka. Mama yake Swaumu alikuwa hodari kwa hilo. Alizunguka nyumba nzima akichomoa, huku akimwita mwanawe akae mbali na ukuta. Swaumu alikulia humo. Ngurumo ya tatu ilipopasua juu ya bati, mkono wake haukungoja ruhusa. Ulikwenda kwenye diski ukauchomoa waya. Aliifunga diski kwenye mtandio, akachuchumaa kwenye kona ameikumbatia, kwa sababu ndani yake alikuwemo mama yake.

Radi haikupiga redio siku hiyo. Ilipita kuelekea Nzega, na mvua ikabaki ikinyesha kwa utulivu. Swaumu alipotazama kioo cha kompyuta, mstari wa kijani haukuwepo. Palikuwa na kisanduku chenye maneno mekundu ya Kiingereza. Alielewa machache, na hayo machache yalimtosha. Alichomeka waya tena, kisanduku kingine kikatokea, akakibonyeza kikaondoka.

Bernadeta alirudi mbiombio, simu ikiwa bado sikioni, meneja akiendelea kumweleza habari za spika zake.

"Imemaliza?"

"Imemaliza, dada."

"Umefungua ukasikiliza?"

Swaumu aliona kwamba akisema hapana, atatakiwa kufungua. Na faili lisipofunguka, ataulizwa. Na akiulizwa, atakuwa yule aliyegusa asichoambiwa aguse, na huenda asirudi tena kwenye chumba kile.

"Nimesikiliza," alisema.

Siku nyingine yoyote Bernadeta angehakikisha mwenyewe. Siku hiyo alikuwa anaitwa juu, ofisini kwa meneja, kwa mara ya pili. Aliichomoa diski, akaifungia kwenye kabati la chuma, akampa Swaumu mwavuli wake aende nao nyumbani.

Njiani Swaumu alijiambia kwamba ameiokoa diski. Jumamosi ijayo watanakili tena, na hakuna atakayejua. Jambo hilo lilikuwa kweli kabisa, kama tu wiki ingepita salama.

Haikupita. Katikati ya wiki, alfajiri, radi iliupiga mnara wa redio. Sasa, ile seva ilikuwa na kisanduku cha betri cha kuikinga umeme ukichezacheza. Betri zake zilikuwa zimekufa tangu mwaka uliotangulia. Bernadeta alikuwa ameomba nyingine, akaambiwa asubiri bajeti. Aliomba na diski ya pili, akaambiwa moja yatosha. Bajeti hiyohiyo ilipokuja ilimnunulia meneja kiti cha kuzunguka na mapazia ya ofisi. Kwa hiyo radi iliposhuka na waya wa mnara ilikuta mlango wazi. Seva iliungua, ikanuka kama plastiki iliyotupwa jikoni.

Jumamosi Bernadeta aliwapokea wanafunzi akiwa amesimama nje ya chumba. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliwaeleza kwamba seva imekufa, na kwamba ameichomeka diski ya akiba kwenye kompyuta nyingine lakini haisomeki.

"Sielewi," alisema. "Nakala ilimalizika, ikasikilizwa. Kama leo haisomeki, basi radi imeifuata mpaka kabatini. Imekufa kwa ndani, na hilo siliwezi. Nimeomba ipelekwe kwa wataalamu Mwanza. Bosi amekataa. Anasema kwa kuwa diski ni hii moja, Jumatatu niifute, nijaribu kuianzisha upya, watangazaji wapate pa kurekodia. Ameniuliza kama nina uhakika kuna kitu ndani. Nami uhakika sina."

Swaumu alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Eliya aliuliza kama sasa darasa limekwisha, wengine wakaanza kuuliza hivyohivyo, na Bernadeta akageuka kuwajibu. Swaumu aliufunga mdomo. Mlango ulikuwa umefunguka kidogo mbele yake, naye akauacha ujifunge.

Saa kumi, nyumbani, Mzee Idrisa aliweka randa chini akakaa juu ya mbao. Redio ilipiga muziki. Alingoja. Ulipigwa mwingine, kisha tangazo la magodoro, kisha muziki tena.

"Wamechelewa leo," alisema.

Swaumu alikwenda nyuma ya nyumba akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Shuleni mwalimu alimuuliza kama anaumwa, akasema tumbo. Usiku alijipangia namna ya kusema, na asubuhi maneno yote yalikuwa yamekimbia. Alijifariji kwamba mwenye kosa hasa ni meneja, kwa betri zake, na hilo nalo halikuwa uongo. Lakini kila alipofika hapo aliiona tena diski ile ndani ya mtandio wake.

Jumamosi hiyo Swaumu hakwenda darasani. Alimwambia baba hakuna darasa. Saa kumi redio ikatoa habari za mpira, watu wakibishana juu ya penalti. Mzee Idrisa alivaa kofia yake, akachukua baiskeli, akaenda redioni mwenyewe kuuliza. Aliporudi jasho lilikuwa limelowesha mgongo wa shati.

"Wamempoteza," alisema. Aliegemeza baiskeli, ikaanguka, akaiacha. "Yule meneja amekaa kwenye kiti anazunguka nacho kama mtoto. Ananiambia, mzee, radi ni kazi ya Mungu. Mungu ndiye aliyekataa kununua betri? Mungu ndiye aliyenizungusha njoo kesho, njoo kesho, mpaka leo? Gari lilikosa mafuta, nikanyamaza. Sasa hata sauti yake wameshindwa kunitunzia."

Alikaa chini. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikapata kipande cha mbao.

"Na yule binti wa kompyuta naye. Kutwa mnamsifu. Ana kazi gani nyingine pale, kama si kutunza? Alitunza nini?"

Hapo ndipo Swaumu aliposhindwa. Angeweza kuvumilia baba amseme meneja mpaka jua lizame. Lakini Bernadeta alimpa mwavuli wake siku ile, akarudi kwao analowa.

"Baba, si Dada Bernadeta. Ni mimi."

Mzee Idrisa alimtazama.

"Mvua ilipokuja niliuchomoa waya. Diski ilikuwa haijamaliza. Niliogopa radi. Halafu dada akaniuliza, nikasema imemaliza, nikasema nimesikiliza. Sikusikiliza, baba. Nilidanganya."

Alisema yote kwa pumzi moja, kisha akangoja kupigwa. Baba yake hakumpiga. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo, kama yule binti anajua habari hiyo. Swaumu akatikisa kichwa kwamba hajui. Mzee Idrisa aliinua baiskeli, akakung'uta vumbi kwenye kiti cha nyuma kwa kiganja.

"Panda."

Walimkuta Bernadeta kwenye chumba chake, amezungukwa na vipande vya seva iliyoungua, anatafuta kilichopona. Swaumu aliamkia, akasimama mbele yake, akasema tena yaleyale. Mara ya pili hayakuwa mepesi kuliko ya kwanza.

Bernadeta hakufoka. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyetafuta njia usiku mzima, akaonyeshwa asubuhi kwamba alipita kando yake.

"Uliichomoa ikiwa inanakili?"

"Ndiyo, dada."

"Na siku hiyo haikupigwa na radi?"

"Haikupigwa. Nilikuwa nimeishika mimi."

"Kwa hiyo haikuwa mbovu. Ilivurugika tu orodha yake ya ndani," Bernadeta alisema, akijisemea zaidi kuliko kuwaambia wao. "Vitu vilikuwa humo. Na mimi nikaifuta."

Alitoka mbio kuelekea studio. Walimsikia akibishana na mtangazaji, kisha na Bwana Vedasto aliyeshuka kuuliza nani amekatiza kurekodiwa kwa matangazo. Bernadeta alimjibu kwamba diski haitarudi studio leo, wala kesho, na kama kuna wa kumfukuza amfukuze akishamaliza kazi. Meneja alizoea kujibiwa "sawa bosi". Alimtazama, akamtazama na Mzee Idrisa aliyekuwa mlangoni na mikono yake ya useremala, akarudi juu.

Bernadeta alimweka Swaumu pembeni yake na kumweleza anachofanya, kwa sababu hata siku hiyo alikuwa bado mwalimu. Alisema diski ikifutwa kwa haraka, vitu vyake haviondoki papo hapo. Kinachoondoka ni ile orodha inayoonyesha kila kitu kimekaa wapi. Vitu vyenyewe vinabaki mpaka kingine kiandikwe juu yake. Kuna programu inayoweza kupita humo kipande kwa kipande na kukusanya kilichobaki. Lakini juu ya diski hii yalikuwa yameshaandikwa mengi, taarifa za habari, mabishano ya mpira, matangazo ya magodoro.

Programu ilifanya kazi jioni yote na siku iliyofuata. Mzee Idrisa alikwenda nyumbani kulala, akarudi. Alikataa kiti cha wageni, akakaa sakafuni ameegemea ukuta. Kila faili lilipoibuka Bernadeta alilifungua. Mengine yalikuwa kelele tupu. Mengine yalianza na mtu asiyejulikana akikohoa, yakafa. Vile vipindi vya Urambo havikuonekana hata kimoja. Vya Kaliua, lilitokea neno moja moja. Kipindi cha asali, alichokipenda sana Mzee Idrisa kwa sababu ndani yake Shamila aliumwa na nyuki akaendelea kutangaza, kilikuwa kimegeuka penalti.

Kisha, jioni, Bernadeta alifungua faili jingine, na jogoo akawika. Sauti ya mwanamke ikafuata, changamfu, karibu kabisa, kama imesimama mlangoni.

"Mwangaluka, mayo," ilisema, ikimwamkia mwenyeji wake. "Wasikilizaji, leo nipo Usinge, jikoni kwa Mama Martha. Hapa naona mlenda wa karanga, na naona mtu ananificha sufuria nyingine nisiione."

Mwanamke mwingine akacheka. Wakaongea juu ya mlenda, na juu ya mtoto anayeharisha, namna ya kumpa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo bila kuchoka, hata akitapika. Mama Martha akasimulia kwamba bibi yake aliwauzia wapagazi viazi vikavu kando ya njia. Shamila akauliza alivikaushaje, akaelezwa, akacheka kile kicheko chake. Halafu akasema:

"Sasa mimi nina binti yangu nyumbani, anaitwa Swaumu, na huyo ukimpa viazi vikavu, jambo la kwanza atakalofanya ni..."

Hapo pakakatika. Akaingia mwanamume anayetangaza magodoro.

Bernadeta alisimamisha.

"Rudisha," Mzee Idrisa alisema.

Akarudisha. Palikatika palepale. Akarudisha tena. Mara hii Mzee Idrisa alimgeukia binti yake.

"Alikuwa anataka kusema nini?"

"Sikumbuki, baba. Nilikuwa mdogo."

"Hata mimi sikumbuki. Nimekisikia kipindi hiki sijui mara ngapi, na sikumbuki. Nilijua kitarudiwa."

Swaumu alilia. Baba yake alimwacha alie kidogo, kisha akamvuta akae naye sakafuni.

Bernadeta ndiye aliyesema kwanza. Alisema na yeye ana lake, alipaswa kufungua lile faili mwenyewe hata kama meneja anapiga simu, na hatajisamehe upesi. Lakini alitaka Swaumu alielewe jambo hili sawasawa, kwa kuwa ana mikono ya kazi hii na siku moja ataifanya.

"Kuchomoa waya halikuwa kosa kubwa," alisema. "Uliogopa. Ungeniambia jioni ileile, ningeanzisha upya, seva ilikuwa nzima, tungekuwa na vipindi vyote. Ungeniambia Jumamosi ile nyingine, diski ilikuwa haijafutwa, tungepata karibu vyote. Umesema jana, tumepata hiki. Ungekaa kimya wiki nyingine, tusingepata hata hiki. Sisi kwenye kazi hii tunakosea kila siku, Swaumu. Fundi mzuri anakosea na anasema mapema. Uliponiambia umesikiliza, ulinifanya nitafute ugonjwa ambao haukuwepo."

Mzee Idrisa alitikisa kichwa kukubali. Kisha akazungumza, na safari hii alizungumza na mtu aliyekuwepo.

"Mimi yule meneja nitamsema mpaka nizikwe, na nina haki. Betri angezinunua, seva ingekuwepo. Lakini nilipokuwa namsema jana, wewe ulikuwa umejificha nyuma ya maneno yangu, na ungeweza kukaa humo maisha yako yote, kwa sababu wakubwa wa kulaumiwa hawakosekani. Ubaya wao wataubeba wao. Ubaya huo hautaufuta uongo wako. Ukiharibu kitu, njoo useme. Njoo hata ukinikuta nimekasirika. Nitafoka, nitanyamaza, na kitakachookoka kitaokoka."

"Ndiyo, baba."

"Hiyo sentensi ya mama yako haitaisha tena. Tutakaa nayo hivyohivyo."

Wiki iliyofuata betri mpya zililetwa redioni, na diski mbili juu yake, baada ya kila kitu kuungua. Bwana Vedasto alilitangaza hilo hewani kama maendeleo.

Lakini jioni ile ya Jumapili hapakuwa na betri wala sherehe. Bernadeta alitoa flashi yake mwenyewe kwenye mkoba, akaichomeka, akamwachia Swaumu kiti. Hakumwambia afanye nini. Swaumu alinakili kile kilichobaki cha Usinge, akangoja mstari ufike mwisho, akafungua nakala. Akasikiliza jogoo, akasikiliza mlenda, akasikiliza viazi vikavu, mpaka mama yake alipotaja jina lake na kukatika. Akafuta machozi, akamgeukia Bernadeta.

"Nimesikiliza, dada," alisema. "Inafika hapo tu."

Bernadeta alichukua vifaa vya masikioni, akasikiliza na yeye mpaka mwisho, ndipo akaichomoa flashi na kumkabidhi Mzee Idrisa mkononi.